RAIS, MAHAKAMA NA NENO "USALAMA"

Wengi wenu mnakumbuka mjadala wa chama chetu wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa hii: "Mahakama zinaizuia serikali isilinde raia wake." Hoja ilipita kwa kura nyingi, na makofi yalikuwa ya kupasua paa. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Mhariri aliniomba niyaandike yale ambayo kengele haikuniruhusu kuyasema, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisipewe dakika tatu tena.

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, tuanze na maneno. "Amri" na "amiri" ni ndugu. Yote mawili yanatokana na shina moja la Kiarabu. Katiba yetu humwita Rais Amiri Jeshi Mkuu, yaani mwenye amri ya mwisho juu ya majeshi. Upande wa pili kuna ukoo mwingine: mahakama, hakimu, hukumu, na hata hekima. Haya nayo ni ndugu wa tumbo moja. Mwenye amri husema, "Fanyeni." Mwenye hukumu huuliza, "Kwa nini?" Ukilielewa hilo tu, umeelewa nusu ya makala haya.

Sasa neno "usalama". Huku kwetu mtu akiuliza, "Usalama upo?" anataka kujua kama watoto wamelala, kama kuku hawakuibwa, kama mgonjwa amepata nafuu. Serikali ikisema "usalama wa taifa" jambo hubadilika kidogo. Neno hilo likitajwa watu hunyamaza. Nani atakayesimama aseme hataki usalama? Ndiyo maana katika mjadala ule upande wa pili walilirudia kila sentensi ya pili. Ni neno zito, na ni kweli lina kazi yake. Swali langu ni moja tu: serikali ikilitamka, je, kuna mtu mwenye ruhusa ya kuomba iones­he sababu?

Katiba ya 2010 inampa Rais nguvu nyingi katika jambo hili. Yeye ni Amiri Jeshi Mkuu na mwenyekiti wa Baraza la Usalama wa Taifa. Ndiye anayeweza kutangaza hali ya hatari. Lakini tazama Ibara ya 58. Hali ya hatari haitangazwi kwa sababu Rais amekasirika. Lazima nchi iwe inakabiliwa na vita, uvamizi, maasi, vurugu, janga la asili au dharura nyingine ya umma. Tangazo hudumu siku 14 tu. Likitakiwa kuendelea, Bunge la Taifa sharti liidhinishe kwa thuluthi mbili ya wabunge wote, na wakati ujao kwa robo tatu. Juu ya hayo, Mahakama ya Juu inaweza kuulizwa kama tangazo lenyewe ni halali. Halafu kuna Ibara ya 25, ambayo inataja haki nne zisizoguswa hata kidogo: mtu asiteswe, asifanywe mtumwa, asinyimwe kesi ya haki, na asinyimwe amri ya kufikishwa mbele ya mahakama ili ijulikane yuko wapi na kwa nini anashikiliwa.

Mtu atauliza, kwa nini waandishi wa Katiba walijisumbua hivyo? Jibu liko katika historia, tena nyingine ni historia ya hapa hapa. Mekatilili wa Menza aliwahamasisha Wagiriama wasitoe vijana wao kwa kazi za Waingereza. Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni mbali kule magharibi, upande wa Kisii. Sote tumesoma jinsi alivyotoroka akarudi kwa miguu. Jambo ambalo hatusomi sana ni kwamba waliondolewa kwa amri ya utawala. Gavana aliona amani ya mkoloni imo hatarini, basi ikawa ndiyo sababu tosha.

Uhuru ulipokuja, tabia ile haikufa yote. Mwaka 1987 Jaji Derek Schofield wa Mahakama Kuu aliwaamuru polisi wamlete mahakamani mtu waliyekuwa wamemkamata. Ikaja kujulikana kwamba mtu huyo alikuwa ameshapigwa risasi na kuzikwa. Jaji akaamuru mwili ufukuliwe. Makaburi yakafukuliwa, mwili wake haukupatikana. Jaji alipozidi kuuliza, aliondolewa katika kesi hiyo na kupangiwa kituo kingine; akajiuzulu akaondoka nchini. Mwaka uliofuata, 1988, wakati wa utawala wa Rais Moi, Katiba ilirekebishwa: majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, na polisi wakaruhusiwa kumshikilia mshukiwa wa kosa la kunyongwa kwa siku 14 badala ya saa 24. Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990. Miaka miwili si mingi, lakini hebu fikiria wewe ndiwe jaji wakati huo, na mbele yako ameketi wakili wa serikali anayesema, "Mtukufu, hili ni jambo la usalama." Utamuuliza nini, na kesho ungali unataka kwenda kazini?

Sasa nije kwenye kesi ambayo kila mtu wa Pwani alipaswa kuijua kwa moyo, lakini wengi tunaijua kwa maandishi ya ukutani tu. Nasema juu ya Mombasa Republican Council, kikundi ambacho watu hukiita MRC.

Kikundi hiki kilianza 1999, kikasikika zaidi kuanzia 2008. Wimbo wao ulikuwa "Pwani si Kenya". Walirudi nyuma sana katika hoja zao. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na kuanzia 1895 Waingereza waliutawala kwa mapatano naye. Oktoba 1963, karibu na uhuru, mapatano mapya yakafanya ukanda huo uwe sehemu ya Kenya. Mimi si mwanasheria, na mwalimu wetu wa Historia anasema hoja ya kujitenga ina matundu mengi kuliko nyavu. Nakubaliana naye. Ila kilichowapa MRC masikio ya watu si barua za 1963, ni ardhi. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, familia nyingi za Mijikenda zimeishi kama maskwota katika mashamba waliyozaliwa babu zao. Mtu anapanda mnazi, anauvuna miaka 40, halafu anakuja mgeni na karatasi. Tusijifanye hatujui hayo, sisi tunaotoka vijijini.

Oktoba 2010 serikali ilichapisha orodha ya vikundi 33 katika Gazeti Rasmi la Serikali (si gazeti la habari la kununua kibandani, hili ndilo serikali hutangazia sheria na amri zake). Vikundi hivyo vilitangazwa kuwa magenge ya uhalifu chini ya sheria mpya ya kuzuia uhalifu wa kupangwa. MRC walikuwamo. Kuanzia hapo, kuwa mwanachama tu lilikuwa kosa la jinai.

Randu Nzai Ruwa na wenzake wawili hawakuchukua panga. Walichukua karatasi, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Kesi ilisikilizwa na majaji watatu: John Mwera, Mary Kasango na Francis Tuiyott. Serikali ilisema kikundi kinahatarisha usalama na umoja wa nchi. Tarehe 25 Julai 2012 majaji wakatoa hukumu: marufuku ile ilikuwa kinyume cha Katiba.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo, manake ndipo wengi hupotea. Majaji hawakusema Pwani ijitenge, wala hawakusema MRC ni watu wema. Waliangalia kipimo. Ibara ya 36 inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wengine. Ibara ya 24 inasema haki kama hiyo inaweza kupunguzwa, lakini kwa sheria, kwa sababu ya maana, na kwa kiasi kinachofaa. Tena kama kuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo, njia hiyo itazamwe. Na mzigo wa kuthibitisha uko kwa serikali. Raia hatakiwi kuthibitisha kwamba yeye si hatari. Kama wanachama fulani wamekula kiapo cha vita au wamepiga watu, wakamatwe hao na washtakiwe kwa hilo walilofanya. Kondakta mmoja akiiba nauli, hupigi marufuku matatu zote za Malindi kwenda Mombasa. Kama kikundi kina siasa, basi njia ya chama cha siasa iko wazi, na majaji waliigusia hiyo.

Mtu asidhani swali hili ni la Kenya pekee. Uingereza, mwaka 1940, katikati ya vita na Ujerumani, mtu aitwaye Robert Liversidge aliwekwa kizuizini kwa amri ya waziri, John Anderson. Sheria ilisema waziri awe na sababu za kuridhisha. Liversidge akaomba aambiwe sababu hizo. Majaji wanne wa mahakama ya juu kabisa wakasema hapana, waziri akisema anazo inatosha. Jaji mmoja tu, Atkin, alikataa. Yeye aliona kuwa na sababu ni jambo moja, na kudhani unazo ni jingine. Wenzake hawakumpenda kwa hilo. Miaka mingi baadaye mahakama hiyo hiyo ilikiri kwamba Atkin ndiye aliyekuwa sawa. Kwa hiyo majaji wa Mombasa 2012 walifanya kazi ambayo majaji wa London walishindwa kuifanya 1941, ingawa sisi tunapenda sana kusema sheria njema hutoka Ulaya.

Je, hukumu ilileta utulivu? Nitasema kweli: haikuleta. Oktoba 2012 Waziri wa Uvuvi wakati huo, Amason Kingi, ambaye baadaye alikuwa gavana wetu wa kwanza wa Kilifi, alishambuliwa katika mkutano huko Mtwapa, na mlinzi wake akauawa. Mwezi huo huo mwenyekiti wa MRC, Omar Mwamnuadzi, alikamatwa Kwale. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, maafisa wa polisi waliuawa Mombasa na Kilifi. Serikali iliwanyoshea MRC kidole, wao wakakana. Marehemu wale walikuwa na watoto wanaovaa sare za shule kama sisi, na katika mjadala wetu dada mmoja wa Kidato cha Nne alilisema hilo vizuri hata ukumbi ukanyamaza. Sina jibu la kumliza wala la kumshinda. Lakini nauliza: marufuku ilikuwapo tangu 2010 hadi 2012. Ilimlinda nani? Mauaji ni kosa, kuna marufuku au hakuna. Hukumu ya Julai 2012 haikumfunga askari yeyote mikono asimkamate muuaji.

Kwa upande mwingine, hukumu hiyo haikumlinda kila mnyonge. Jirani yetu mmoja, mgema, alichukuliwa usiku katika misako ya miezi ile. Siku moja nilimwendea.

"Shikamoo, babu. Wewe ulikuwa MRC?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi MRC niliisoma ukutani kwa Mhindi. Na kusoma kwenyewe nilisomewa."

Alilala ndani siku tatu, akatoka bila kushtakiwa, akakuta mnazi wake umechacha. Hakimu hakumwona wala wakili hakumwona. Hukumu ya mahakama ni karatasi. Mahakama haina jeshi, haina bunduki, haina hata gari la kuifuata amri yake barabarani. Inategemea wenye bunduki wakubali kuisoma. Huu ndio udhaifu ambao wenzetu wa upande wa pili wangeweza kuutumia dhidi yangu, na hawakuutumia.

Tena kuna ucheleweshaji. Serikali ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na hukumu ya Mombasa mwaka 2016. Ukihesabu tangu marufuku ya 2010, ni karibu miaka sita. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku ile alikuwa darasa la sita. Hapo sina utetezi.

Baada ya MRC mvutano ulihamia Nairobi, nami nitaupitia mbio. Mwisho wa 2014, baada ya mauaji ya kutisha ya Mandera, Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria za usalama katikati ya vurugu za wabunge, na Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi tarehe 19 Desemba. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu waliviangusha vifungu 8, kikiwamo cha kufunga midomo ya wanahabari na cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima. Vifungu vingine vyote vilisimama. Watu husahau hiyo sentensi ya mwisho. Mahakama haikuichana sheria nzima, ilikata palipooza.

Miezi michache baadaye ikawa zamu ya Pwani tena. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku chache tu zikapita, Inspekta Jenerali wa Polisi akatoa orodha ya watu na mashirika ya kuchunguzwa kwa ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Ndani ya orodha mlikuwa na mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa. Yalikwenda mahakamani, na mwaka huo huo Jaji Anyara Emukule akaamuru akaunti zifunguliwe. Nchi ilikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hukamata aliye karibu. Kazi ya jaji ni kuwa mtu mmoja ambaye siku hiyo hakamati kwa uchungu.

Na Shakahola? Hapa ni nyumbani, sitaki kuandika mengi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Mei 2023 Rais William Ruto aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Jessie Lesiit, na Mahakama Kuu ikaisimamisha kwa muda. Watu wengi huku walikasirika, nami nawaelewa. Ilionekana kama mahakama inawazuia waliofiwa kupata jibu. Lakini tazama lililotokea Januari 2024. Paul Mackenzie na wenzake walikuwa wamekaa rumande tangu Aprili 2023 bila mashtaka, upande wa serikali ukiomba siku zaidi kila mara. Hakimu wa Shanzu, Yusuf Shikanda, akasema basi: washtakiwe katika siku 14, la sivyo waachiliwe. Nyumba nyingi ziliposikia "waachiliwe" zililaani. Mwezi huo huo mashtaka yakatoka, ya ugaidi, ya kuua bila kukusudia na mengine. Kwa maoni yangu amri ile ndiyo iliyoisukuma kesi mbele. Bila hakimu kuuliza "Kwa nini?" pengine siku zingeongezwa tena na tena, na waliofiwa wangeendelea kungoja hata siku ya kwanza ya kesi.

Mfano wa mwisho ni wa Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana. Tarehe 25 serikali ilitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba jeshi litawasaidia polisi. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Jaji Lawrence Mugambi hakuliondoa jeshi barabarani. Aliiagiza serikali ieleze kwa maandishi, ndani ya siku mbili, wanajeshi watafanya kazi gani, wapi na kwa muda gani. Nimeupenda sana uamuzi huu, kwa sababu unajibu hoja ya mjadala wetu kuliko mimi nilivyoijibu siku ile. Jaji hakumnyang'anya Amiri Jeshi Mkuu jeshi lake. Alimtaka ataje mipaka ya amri.

Wanachama wanaotaka kuona mambo haya kwa macho yao hawana haja ya kwenda Nairobi. Malindi kuna Mahakama Kuu, na kesi husikilizwa hadharani isipokuwa jaji akiamua vingine kwa sababu maalumu. Unaingia, unazima simu, unainama kidogo jaji akiingia, unakaa nyuma kimya. Katibu wa chama anaandika barua ya kuomba ruhusa ya mwalimu mkuu ili twende siku moja muhula ujao. Wanaotaka kwenda wampe majina mapema, pamoja na nauli, na wale waliopiga kura ya kuunga hoja wapewe nafasi za mbele.